Sungusungu wa Ghorofa ya Kumi na Moja

Mama Kulwa alinipigia simu Jumanne asubuhi kunipa habari kwamba mumewe amefariki, na kabla sijamaliza kumpa pole alikuwa ameshanipa kazi. "Mdogo wangu, wewe ndiye mwenye kalamu," alisema. "Wasifu wa marehemu uandike wewe, na kanisani uusome wewe." Nikakubali, kwa kuwa mfiwa hakataliwi. Siku ya pili nikaenda kwa mtoto wao mkubwa, kule Unionville, hapahapa Kanada, kwenye nyumba ambayo sebule yake ingeimeza fleti nzima tuliyokuwa tukiishi Weston zamani, nikaketi kwenye kona na karatasi zangu kusikiliza watu wakimsifu Daktari Maduhu. Sisi tukifiwa hatuna breki. Mtu aliyekuwa mbishi anageuka kuwa mwenye msimamo, mchoyo anakuwa mwangalifu, na mlevi anaambiwa alipenda watu. Mutiso, Mkenya ambaye siku zile alikuwa fundi wa kompyuta na sasa anauza nyumba, alisimama na sahani ya pilau mkononi akaninyooshea kijiko. "Andika hii, Sabina. Andika Doc ndiye ali-protect sisi wote ile mwaka ya 2005. Bila yeye wengine wetu hatungekuwa hapa. Serious." Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Nikaandika "alianzisha ulinzi wa jamii", kisha nikaitazama sentensi hiyo mpaka chai yangu ikapoa. Nikaamua palepale kwamba nitakaposimama mbele ya waumini nitausoma ulinzi ule kama ulivyokuwa, nimvue yule bwana joho lake mbele ya jeneza lake mwenyewe. Nilikuwa nimemdharau kwa miaka mingi mno kuikosa nafasi ile.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nasomea shahada ya pili, na nilipanga chumba kidogo kwa akina Maduhu, ghorofa ya kumi na moja, katika jengo la zamani ambalo lifti zake mbili zilipokezana kuharibika. Kutoka jikoni uliuona mto Humber chini kabisa, na treni zikipita kuelekea mjini. Jiko lenyewe lilikuwa la upana wa mkeka, na Mama Kulwa alikuwa akipika humo vyakula vya watu ishirini kila Jumamosi: ugali, dagaa wa Mwanza waliokuja ndani ya sanduku la mtu, na michembe ya viazi iliyochemshwa na karanga mpaka madirisha yakatoka jasho. Harufu ya dagaa ilishuka ngazi zote mpaka mlango wa chini. Sebuleni wanaume walikaa kwenye makochi mawili na ndoo zilizogeuzwa, wakimsikiliza mwenye nyumba. Tulimwita Daktari, ingawa chuo kilikuwa hakijampa udaktari wowote. Kilikuja kumpa miaka minne baadaye, sisi tulikuwa tumeshampa siku nyingi. Mchana alikuwa mlinzi wa ghala moja karibu na uwanja wa ndege, kazi ya kukaa kwenye kibanda na tochi na redio ya mawasiliano. Akirudi alivua sare, akavaa koti la suti juu ya fulana, akafungua mafaili yake. Na mafaili yale, jamani, yalihusu bunduki. Bwana aliyelinda makatoni kwa tochi alikuwa akiandika kurasa mia nne kuhusu haki ya Wamarekani kubeba silaha.

Siku hizi nikisikia watu wakilibishania jambo hilo kwenye televisheni huwa nazima, kwa sababu nililila kila Jumamosi mwaka mzima pamoja na dagaa. Katika katiba ya Marekani mna sentensi moja, fupi kuliko maelekezo ya kupika wali, isemayo kwamba kwa kuwa mgambo wenye utaratibu mzuri ni wa lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isiguswe. Basi. Wamarekani wameigombania sentensi hiyo vizazi na vizazi, wengine wakiushika mkia tu, wengine kichwa tu. Mutiso alikuwa mtu wa mkia. "Doc, hiyo kitu iko clear," alikuwa akisema, akijichotea michembe. "Haki ya watu. Watu ni mimi. Mtu akiingia kwa nyumba yangu, mimi nashughulika na yeye, story imeisha." Daktari alifumba macho kwa subira ya mtu anayefurahia kubishiwa. "Umeruka nusu ya sentensi, bwana Mutiso. Walioandika walitoka kupigana na mfalme. Waliogopa nini? Waliogopa jeshi la kudumu, askari wanaolipwa, wanaokaa kambini bila kazi mpaka mtawala awatume kwa raia. Kwa hiyo wakasema, jeshi letu liwe sisi wenyewe. Mkulima, mhunzi, mwenye duka. Anakuja uwanjani siku ya gwaride na bunduki yake, anaitwa jina, anaitika. Asipokuja anatozwa faini. Haki gani hiyo ambayo usipoitumia unatozwa faini? Huo ni wajibu! Ilikuwa haki ya kutumika pamoja, si haki ya kulala na bastola chini ya mto." Hapo akatutazama mmoja mmoja. Ningependa kusema kwamba hata siku zile nilikuwa namcheka moyoni, lakini sivyo. Nilidhani sijawahi kumsikia mtu mwenye akili kama yeye.

Mimi ndiye niliyekuwa mikono na miguu yake. Nilikuwa na kibarua cha kupanga vitabu kwenye maktaba ya chuo, na kila wiki alinipa orodha ya vitu vya kutafuta na kutoa nakala. Aliniita Karani. Katika kutafuta huko nilikutana na sheria za zamani za majimbo ya Kusini mwa Marekani, na nikazisoma nimesimama kati ya makabati mpaka miguu ikaniuma. Kumbe mgambo wale wa gwaride walikuwa na kazi nyingine ambayo Daktari hakuwahi kuitaja. Kwenye orodha ileile ya majina walichaguliwa watu wa doria, na doria ilikuwa ya kuwachunga watumwa: kuwasimamisha njiani, kuingia vibandani mwao bila hodi, kupekua chini ya vitanda kutafuta silaha. Mwenye bunduki kisheria alikuwa akizunguka kuhakikisha asiyeruhusiwa hana hata kisu. Nilirudi Weston nimezishika nakala zile kama mtoto aliyeokota sarafu. Daktari alizisoma amesimama kando ya friji, anatafuna karanga. "Hii ni ya Kusini tu," alisema. "Tena inavuruga hoja. Msomaji atachanganyikiwa." Akaziweka juu ya friji, kwenye rundo la matangazo ya pizza. Nikaona uchungu, nikajiambia kwamba mtu huyu ni mwoga, na kwamba mimi nisingefanya hivyo kamwe. Nilipenda sana kujiambia mambo kama hayo.

Kiangazi kile milio ya bunduki ilizidi mjini. Kila siku magazeti yalikuwa na picha ya utepe wa njano. Kisha siku moja, saa kumi jioni, watu wanatoka kazini, risasi ilipigwa kwenye maegesho nyuma ya jengo letu ikapasua kioo cha gari la Mutiso. Hakuna aliyeumia. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka, na meneja wa jengo akabandika karatasi ya kutuomba tuwe waangalifu. Jumamosi iliyofuata sebule ilijaa mpaka wengine wakasimama korido. Daktari alikula kidogo sana siku hiyo. Alipoanza kusema alizungumza taratibu kuhusu kwao Usukumani, jinsi wezi wa ng'ombe walivyowashinda polisi miaka ya themanini, na wanavijiji wakaunda sungusungu wao: mishale, filimbi, na orodha ya majina. Filimbi ikipigwa kila mwanamume anatoka, na asiyetoka anakiona. "Wamarekani wameisahau maana ya sentensi yao," alisema. "Sisi tunaijua. Tumeiishi! Mgambo wenye utaratibu mzuri ni sungusungu, ndugu zangu. Na hapa Weston tunangoja nini?" Watu walipiga makofi mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Hapo ndipo ninapotaka kulia nikikumbuka, na pia ndipo ninapotaka kucheka. Watanzania na Wakenya waliosoma, wenye vyeti, wahasibu, wauguzi, fundi wa kompyuta, katikati ya Kanada, waliunda sungusungu kwenye jengo lenye kamera.

Filimbi kumi zilinunuliwa kwenye duka la vitu vya bei rahisi. Nikapewa daftari jipya lenye jalada gumu, kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, nikachora mistari: jina, chumba, zamu, ameitika, hakuitika. Asiyeitika alitakiwa kuleta chakula cha watu wote Jumamosi ijayo, na ndiyo maana Jumamosi moja tulikula sambusa za kununua, nazo zikasemwa vibaya. Doria zilianza saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu: ngazi, korido, chumba cha kufulia, maegesho. Mutiso alitembea na fimbo ya hoki ambayo hakuwahi kuchezea. Daktari alibeba tochi ya kazini. Wanawake walichemsha chai. Na niseme ukweli, wiki za kwanza zilikuwa za raha. Wanaume ambao mwaka mzima walipitana kwenye lifti wakitazama viatu vyao sasa walipigana migongoni kwa furaha, wakapandisha mabega, wakaulizana habari za nyumbani. Walikuwa wamechoka kuwa watu wa kusema "sorry" kutwa nzima kwa mabosi wao, nao wakapata saa tatu za kuwa watu wa kusema "simama". Hawakumkamata mwizi hata mmoja. Walimkamata mtu wa kupeleka pizza mara mbili.

Kwenye ghorofa ya saba aliishi Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, na binti yake Naomi wa miaka minne. Furaha alifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, zamu ya alfajiri, na mimi ndiye niliyekaa na mtoto asubuhi hadi shule ya chekechea ilipofunguliwa. Hatukuwa tumeandikiana mkataba. Siku moja aliniomba tukiwa kwenye chumba cha kufulia, nikasema sawa, na tangu hapo kila siku ya kazi, saa kumi na mbili kasoro robo, alibisha mara mbili, Naomi akaingia na blanketi lake, akalala tena miguuni pangu huku nikisoma. Alipenda maandazi ya Mama Kulwa ya jana, yaliyokauka, ayachovye kwenye chai. Aliniita Auntie Sabi. Furaha alikuwa mwanamke wa maneno machache, na aliongea Kiswahili chake ambacho wanaume wa sungusungu walikiigiza akishapita, wakifanya "mi naonaka, mi naonaka," kisha wakicheka. Walimcheka kwa sababu ya lafudhi, kwa sababu hakuwa na mume aliyeonekana, na kwa sababu hakuja Jumamosi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema, wao ambao wote walikuwa kuku wageni.

Mwezi wa tisa kaka yake Furaha alikuja kumtembelea kutoka Marekani, na gari lake lilikuwa na namba za huko. Mtu wa zamu alimwona akipandisha kwenye lifti mfuko mrefu mweusi, mzito. Hiyo tu. Kesho yake kaka akaondoka, mfuko haukuonekana ukishuka, na ilipofika Jumapili mfuko ulikuwa umeshageuka bunduki, tena ya kivita, tena mbili. Niliyasikia yakipikwa jikoni kwetu, Mama Kulwa akisema, "Muulizeni kwanza," na mumewe akimjibu kwamba haya si mambo ya kuulizana. Baada ya kanisa walishuka watu sita, na mimi wa saba nimebeba daftari. Furaha alifungua. Alikuwa anamsuka Naomi, chanuo bado kiko mkononi. Daktari alimweleza, kwa sauti ileile ya Jumamosi, kwamba jumuiya ina wasiwasi na ingependa kujiridhisha. Furaha alisogea kando. "Muingie," alisema. "Mutafute. Mi nilikimbia bunduki kule Bukavu, sasa nitaileta huku ya kufanya nini?" Wakaingia, viatu miguuni. Walifungua kabati, wakainua godoro la mtoto. Mutiso alipiga magoti akauvuta ule mfuko mrefu kutoka chini ya kitanda, akafungua zipu huku kila mtu amerudi nyuma hatua moja. Ndani mlikuwa na vyuma vya kusimamishia kinanda cha kwaya ya kanisa lao. Naomi, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, aliniona, akanipungia mkono. Nami nilikuwa nimesimama pale nikijua neno kwa neno kile nilichokuwa nakitazama, kwa sababu nilikuwa nimekisoma maktaba: orodha ya majina, doria, kuingia, chini ya kitanda. Daktari aliufunga mfuko vizuri akasema, "Tunashukuru kwa ushirikiano." Mimi nikaandika kwenye daftari: chumba kimekaguliwa, hakuna kitu.

Hakuna aliyeomba radhi. Ndiyo maana Jumatatu Furaha alikwenda kwa meneja wa jengo, na Jumatano karatasi ilibandikwa kwenye lifti ikisema kwamba kikundi chochote kinachojipa mamlaka ya kukagua wapangaji kitafukuzwa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kosa sasa halikuwa tena bunduki, ambayo haikuwapo. Kosa lilikuwa kushitaki. Jumamosi ile hakukuwa na utani. "Ametupeleka kwa Wazungu," mmoja alisema, na wengine wakaguna. Mutiso alisema labda yaishe tu, yeye kioo chake kimeshabadilishwa. Lakini Daktari alikuwa ameaibishwa kwenye jengo lake mwenyewe, akaenda kuchimba adhabu ya kwao. Sungusungu wa Usukumani hawakuhitaji jela. Aliyewaudhi alitengwa: hasalimiwi, haazimwi moto, hachotewi maji, hachimbiwi kaburi, mpaka aje apige magoti, awapikie watu wote, asamehewe. "Na sisi hatutamgusa," Daktari alisema. "Hatutamtukana. Tutamnyamazia tu. Hakuna sheria ya Kanada inayomlazimisha mtu kusalimia." Akanigeukia. Wote wakanigeukia, maana kila mtu alijua habari za asubuhi zangu na Naomi. "Karani, andika. Asisalimiwe, asisaidiwe, yeye wala nyumba yake. Na hiyo inakuhusu na wewe." Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sinia. Nilikuwa na chumba katika nyumba ya yule bwana, nilihitaji barua yake ya kunipendekeza kwa profesa wake, na nilitaka, Mungu anisamehe, aendelee kuniita Karani. Nikaandika.

Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro robo, mlango ulibishwa mara mbili. Nilikuwa nimeshavaa. Mama Kulwa alikuwa jikoni anakaanga maandazi, mafuta yanachemka. Nilikwenda mpaka mlangoni nikasimama, pua yangu karibu na mbao, nikaona kivuli chao kwenye mwanya wa chini. Ukabishwa tena. "Auntie Sabi?" Naomi aliita, kisha kwa Kiingereza chake cha chekechea akamwambia mama yake labda nimelala. Furaha akasema taratibu, si kwa mtoto, "Sabina, niko hapa. Ninajua unasikia." Mama Kulwa alizima jiko. Mafuta yalipotulia nyumba nzima ilikuwa kimya kiasi kwamba niliweza kumsikia Naomi akikwaruza mlango kwa kucha, mchezo tu, akingoja. Mama Kulwa alinitazama, nikamtazama. Hakusema fungua, hakusema usifungue. Baadaye akawasha jiko tena, na hapo nyayo zikaenda kwenye lifti. Walikuja asubuhi tatu. Ya nne hawakuja. Nilikuja kusikia kwamba alimchukua mtoto kazini akamficha kwenye chumba cha vyombo, akagunduliwa, akaachishwa zamu. Watu wa korido walipishana naye kana kwamba ni ukuta. Theluji ya kwanza ilipoanguka alikuwa ameshahamia Hamilton, na fleti yake ilipakwa rangi, ikapangishwa kwa wengine.

Sungusungu ilikufa kwa baridi. Mwezi wa kumi na mbili hakuna aliyetaka kusimama kwenye maegesho na filimbi ya chuma ikimganda mdomoni, zamu zikapungua, daftari likaishia kwenye droo, na Jumamosi zikarudi kuwa za maneno. Debe tupu haliachi kuvuma. Daktari aliendelea kutueleza kuhusu wale mabwana wa Marekani na hofu yao ya jeshi la mfalme. Niliendelea kumtolea nakala mpaka mwisho wa muhula, nikapata barua yangu, nikahama. Tangu siku hiyo nilianza kumdharau, na dharau ile nimeitunza vizuri. Nilimdharau alipohitimu. Nilimdharau alipopata kazi ya kufundisha, alipohamia nyumba yenye bustani, alipoanza kuitwa kwenye mikutano kueleza kusudi la awali la ile sentensi. Nikialikwa nilikwenda, nikala chakula chake, nikarudi nyumbani kumsimulia mume wangu jinsi mzee yule alivyo mnafiki. Simulizi langu lilikuwa na wanaume sita waliopekua, na mkubwa wao. Halikuwa na mlango wala mtu aliyesimama nyuma yake. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na shahada mbili za kutoliona langu.

Nilipokwisha kuandika wasifu wa kumwumbua niliona ni vyema nipate kwanza kibali cha Furaha, maana habari ilikuwa yake. Nadhani pia nilitaka anishukuru. Mwanakwaya mmoja wa Kikongo alinipa namba, nikapiga Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya mazishi. Sauti ilikuwa ileile. "Nani unaongea?" Nikamtajia jina. "Sabina ya daftari," alisema, bila hasira, kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha. Nikamweleza haraka kwamba Daktari Maduhu amefariki, kwamba nimeombwa kusoma habari zake, na kwamba safari hii sitamficha, nitasema mbele ya kila mtu alichomfanyia. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole kwa msiba," alisema. "Lakini ule mzee alikuyaka huku kwangu. Miaka kumi imeisha kupita." Nikauliza alikuja kufanya nini. "Kuomba musamaha. Alipiga magoti pale ku mlango, mi nikaona haya juu ya majirani, nikamwambia, baba, simama, ingia. Mama Kulwa alikuwa naye, alileta chakula. Wali, kuku, vyote, alipika yeye. Tukakula." Wasifu wangu ulikuwa mezani mbele yangu, nikaugeuza kifudifudi. "Aliniomba ruhusa afundishe wanafunzi wake ile habari, bila jina langu. Kusudi wajue, alisema, wale wa zamani na bunduki zao, waliingia ku nyumba za nani. Nikamwambia fundisha. Kila Krismasi alikuwa anapiga simu."

Miaka yote ile, kwenye sherehe zote zile, hakuwahi kuniambia. Nikamwuliza Furaha kama alinitaja. "Alikutaja," alisema. "Aliniuliza, Sabina ameisha kufika? Nikamwambia hapana. Akasema, atafika, ule ni mtoto mwenye moyo." Nikasikia redio ya Kifaransa nyuma yake na mtu akifungua bomba. "Mi nilikungojaka," alisema. "Wale wanaume sikuwangoja, sikuwajua. Wewe nilikujua." Nikaanza kusema samahani, na maneno yakanitoka vibaya, yamechanganyika na sababu: chumba, barua, umri wangu. Alinikatiza kwa upole. "Mi niliisha kusamehe, Sabina. Siku nyingi. Lakini haukunifungia mi peke yangu." Akageuka akaita, nikasikia jibu kwa Kiingereza kutoka chumba kingine, hatua, simu ikipokezwa. Sauti ya mwanamke mzima ikasema, "Hello? Mom says you want to talk to me?" Nikamwuliza kama anaelewa Kiswahili. "I understand it," alisema. "Go ahead." Nikamtajia jina langu, nikangoja. Halikumwambia kitu. Basi nikamweleza kwamba alipokuwa na miaka minne alibisha mlango fulani kule Weston asubuhi tatu mfululizo, akaita, akangoja, na kwamba sikuwa nimelala.